Hilux ya dizeli inayogoma gia asubuhi: kisa cha gia boksi iliyosingiziwa

Kisa hiki ni cha Njombe, mwezi wa sita. Jina la mwenye gari, kijiji chake na namba ya gari nimeviacha, mafundi wawili walioishika kabla yangu nao nimewaacha hivyo hivyo maana na mimi mwenyewe nimeboronga humu, utaona huko mbele. Nakiandika kwa ajili ya vijana walioko gereji na kwa mwenye pikapu ya zamani ambaye kila baridi ikianza anaambiwa anunue gia boksi.

Gari lenyewe

Toyota Hilux ya mwishoni mwa miaka ya 90, foo wili, injini ya 5L, yaani dizeli ya lita 3.0 isiyo na tabo, gia za mkono tano. Kilomita hazijulikani, kebo ya mita ilishakatika siku nyingi. Kazi yake kubeba viazi kutoka shambani hadi barabarani na siku zingine kuvipeleka Makambako. Anaendesha kijana wa mzee, mzee mwenyewe anakaa pembeni na anajua kila mlio wa gari lake.

Kwa msiyeijua Njombe, mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita hadi wa nane asubuhi ukishika spana mkono unauma. Hilux ya Dar yenye ubovu ule ule inaweza kutembea miaka miwili bila mtu kugundua kitu.

Mzee alivyoeleza

Alifika saa nne asubuhi. "Kamwene fundi," nikamjibu, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia akaanza kuhadithia. Asubuhi gari inawaka vizuri tu ila inatetemeka kidogo na moshi mweupe, halafu gia ya kwanza haiingii, rivasi ndo kabisa, inasaga krrrr mpaka kuku wanakimbia. Ikishatembea kama dakika ishirini inapona, siku nzima haina shida mpaka kesho yake. Gia ya pili nayo ni ngumu asubuhi, kuipandisha ngumu, kuishusha ngumu.

Nikamuuliza sasa asubuhi mnaondokaje? Akacheka. "Tunaweka gia gari ikiwa imezimwa, kijana anakanyaga klachi anapiga stata. Inaanza kusukuma mbele kidogo kidogo kama ng'ombe anayetaka kutoka zizini, basi tunaenda nayo hivyo hivyo."

Hiyo sentensi ya ng'ombe ndo ilikuwa jibu lote, nami nikaipitiliza. Nikacheka naye.

Alishapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza, mwezi wa tatu, aliambiwa gia boksi ina makelele kama kokoto ndani ya kopo gari ikiwa nyutro asubuhi, akamwaga oili akaweka nzito ya 140, ile ya difu, makelele yakapungua. Wa pili alimwambia gia boksi imekufa, tafuta ya mtumba. Mzee akapiga hesabu ya magunia ya viazi akaona bora aje kuuliza mtu wa tatu.

Nikaichukua gari nikaizungusha mtaani. Gia zote zinaingia kama siagi. Ubovu wa baridi ndivyo ulivyo, gari inatoka nyumbani inaumwa, inatembea saa nzima kuja kwako, inafika imepona, unabaki na maneno ya mwenye gari peke yake. Nadhani ndo maana wale wenzangu wawili walitibu kwa kusikia, hawakuwahi kuiona ikigoma.

Nikamwomba mzee aiache ilale. Na ilale nje, sio ndani ya banda.

Asubuhi ya kwanza

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa pale na kijana wake. Kioo chote umande. Kabla ya kuwasha nikaingia nikakanyaga klachi nikajaribu gia zote injini ikiwa imezimwa. Zote tano zinaingia na rivasi pia, ila kwa uzito, kama unasonga ugali wa watu kumi, na ya pili nzito kuliko zote. Kipimo hiki hakina gharama na kinakupa nusu ya safari: gia zikiingia injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa inawaka, basi liva, vishikio na mauma ya ndani huna haja ya kuyashuku kwanza, shuku kitu kinachozungusha shafti wakati hakitakiwi kuizungusha.

Tukawasha. Inatetemeka, moshi mweupe, sailensa (sio ya moshi, ni mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) ipo juu kwa sababu hizi pampu zina kifaa cha nta kinachoinua sailensa injini ikiwa baridi, hiyo ni kawaida yake na inashuka yenyewe maji yakipata moto. Kokoto za nyutro zipo. Nikakanyaga klachi mpaka chini, makelele yakapungua lakini hayakukatika. Nikahesabu moja mpaka kumi taratibu bila kuachia pedali, nikapeleka rivasi. Krrrr.

Sasa tukae hapo kwenye kuhesabu kumi. Rivasi kwenye magari mengi ya umri huu haina sinkro, zile pete za shaba zinazofananisha mwendo kabla meno hayajakutana, kwa hiyo rivasi inakuonyesha ukweli bila kuficha: kama shafti ya ndani bado inazunguka, itasaga. Ukikanyaga klachi nzima, shafti imeachana na injini, ndani ya sekunde chache inasimama. Na oili ikiwa nzito inasimama haraka zaidi, maana oili nzito ni breki. Kwa hiyo gari yenye 140 kwenye baridi, ukihesabu kumi na bado inasaga, kuna kitu bado kinaizungusha, na ni klachi isiyoachia vizuri au beringi ndogo ya kwenye flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) iliyokaukiwa grisi.

Mi siku ile sikufikiri hivyo. Niliona oili nzito, baridi, gia nzito, nikajiambia oili ndo mbaya wetu. Nusu ni kweli, ndo kilichonichanganya.

Uamuzi wa kwanza: oili

Kwa nini nilianza na oili: bei ndogo, haihitaji kushusha kitu, na nilijua iliyomo sio yake. Nikafungua kwanza nati ya kujazia ndo nikafungua ya kumwagia. Vijana wengi wanaanza kumwaga, halafu nati ya kujazia inagoma kufunguka, gari imebaki haina oili na haiwezi kwenda popote.

Kawaida oili unaimwaga ya moto ili itoke na uchafu, ila mi nilitaka kuiona ilivyo asubuhi. Ilitoka kama asali ya msimu wa baridi, inaning'inia kwenye tundu haitaki kuanguka. Nikaichota kwenye kifuniko cha ndoo nikaiweka juani, ikaonekana inameta rangi ya dhahabu. Nikapitisha sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu, vumbi halikushika. Chuma kingeshika. Hilo ni shaba, yaani ni sinkro zinaliwa.

Hapa pana jambo la kuelewa kuhusu oili za gia. Kwenye kopo kuna GL-4 na kuna GL-5. GL-5 imewekwa dawa nyingi ya kuzuia meno yasikwaruzane kwenye shinikizo kubwa, inafaa sana kwenye difu ambako meno yanatelezana kwa nguvu. Lakini sinkro inafanya kazi kwa kushika, inatakiwa ikwaruze koni kidogo ili shafti ipunguze mwendo, sasa ukiipa oili inayoteleza kupita kiasi, tena nzito kiasi cha 140, pete inabaki kuogelea juu ya ute haishiki, na dawa zingine za GL-5 sio rafiki wa shaba. Kuna gia boksi ambazo kitabu chake kinakubali GL-4 au GL-5, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako, ila kwa uzito wengi wanasema 75W-90. Hiyo 75 yenye W ndo inayoongelea baridi. Tukaweka 75W-90 ya GL-4.

Kesho yake asubuhi gia ya pili ilikuwa imebadilika kabisa, sio laini lakini inaingia kwa kidole. Rivasi? Krrrr ile ile.

Uamuzi wa pili: kushusha gia boksi (hapa ndo niliboronga)

Kijana akaniambia klachi pleti ilibadilishwa mwaka uliopita, ya bei rahisi. Na mimi nikakimbilia hapo, pleti imepinda au beringi ya flaiwili imejam, tushushe. Kwenye kikombe cha juu, oili ya klachi ilikuwa imejaa mpaka kwenye alama, chini hakuna unyevu, pedali ngumu vizuri. Nikasema haidroliki, yaani mfumo wa oili unaosukuma klachi, ni nzima.

Gia boksi ya foo wili sio ya kushusha kwa mbwembwe, ina transfa (boksi la foo wili) nyuma yake na propela mbili, watu wawili na jeki na matusi. Siku nzima. Pleti nene bado, springi zake nzima, haijapinda. Presha, ile sahani inayobana pleti, nzima. Beringi ndogo inazunguka bila kukwama. Meno ya shafti makavu kidogo tu, nikapaka grisi nyembamba sana, maana ukijaza inaruka kwenye pleti klachi inaanza kuteleza. Tukarudisha kila kitu, nikaenda nyumbani nimechoka na sina jibu.

Asubuhi ya tatu: rula

Nikiwa nimelala nikamkumbuka ng'ombe wa zizini. Gari iko kwenye gia, klachi imekanyagwa mpaka chini, na inasukuma mbele. Mzee alishaniambia klachi haiachii, siku ya kwanza kabisa, mi nikaona ni utani.

Asubuhi nikaingia chini ya gari na rula ya shule ya mwanangu, nikaishikiza pembeni ya ile fimbo inayotoka kwenye silinda ya chini ya klachi. Kijana akakanyaga. Milimita 9. Nikamwambia usiachie, shikilia hapo hapo. Nikaiona fimbo kwa macho yangu inarudi nyuma polepole, nane, saba, huku mguu wake uko chini haujasogea. Nikamwambia achia, sasa pampu haraka mara tatu ushikilie. Milimita 12, rivasi ikaingia kimya.

Saa saba mchana, injini ina moto, tukarudia. Milimita 14, na haikurudi.

Basi. Masta silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali ya klachi, ilikuwa inapitisha kwa ndani. Raba yake ikiwa baridi inakuwa ngumu, mdomo wake haugusi ukuta vizuri, oili inapita pembeni inarudi kwenye kikombe, kwa hiyo haipungui na haivuji popote nje. Injini ikipata moto, masta ipo hapo ukutani karibu yake inapashwa, raba inalainika inaziba. Ukiwa na haraka utaapa kwamba haidroliki ni nzima kama nilivyoapa mimi.

Tuliifungua. Oili ya ndani nyeusi kama chai ya rangi iliyochemka mara tatu. Mdomo wa raba ukiubinya kwa kucha unahisi kwato, sio raba. Na ndani ya silinda palikuwa na vishimo vya kutu, nikipitisha ukucha unakwama. Oili ya klachi ni ile ile ya breki, inavuta maji kutoka hewani, isipobadilishwa miaka mingi kutu inaanza humo humo ndani.

Mzee akauliza kama tunaweza kuweka raba mpya tu, ni nafuu. Nikamwonyesha ule ukucha unavyokwama, nikamwambia raba mpya kwenye ukuta huu itachanika kabla ya mavuno mengine. Tukaagiza masta nzima kutoka Dar, ikaja na basi siku ya pili. Silinda ya chini nikaiwekea raba mpya maana ukuta wake ulikuwa safi. Tukatoa upepo, tukapima uchezaji wa pedali isije ikawa inashikilia klachi muda wote, tukaiacha ilale nje tena.

Na zile kokoto?

Wakati tunasubiri basi nikapata muda wa kujiuliza yale makelele ya mwezi wa tatu yalitoka wapi, maana ndo yalileta ile 140. Nikatoa ule ubapa unaounganisha hita, yaani plagi zinazopasha silinda za dizeli joto wakati wa kuwasha, nikachukua taa ya kupimia nikaunga upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande wa pili nikagusa hita moja moja. Tatu zinawasha taa, ya nne giza. Silinda moja haipati joto asubuhi, kwa hiyo dakika ya kwanza au zaidi injini inatembea kwa silinda tatu na nusu, inatetemeka, moshi mweupe, na mtetemo huo unapigisha meno ya gia boksi yasiyo na mzigo, gia boksi inalia kokoto ikiwa nyutro. Dizeli hizi hata zikiwa nzima zinapigisha gia kidogo sembuse na hita mbovu.

Kwa hiyo hita moja ilikufa, gia boksi ikalia, fundi akaficha mlio kwa oili nzito, oili ikaharibu gia ya pili, halafu baridi ikaingia na masta yake ikaanza kupitisha, vitu vyote vikagongana asubuhi moja na mzee akavieleza kama ugonjwa mmoja. Fundi wa pili alipoambiwa kokoto, pili ngumu, ya kwanza inagoma, rivasi inasaga, hata mimi ningesema gia boksi.

Matokeo

Baada ya masta na hita, asubuhi ya baridi fimbo ilisoma 14 na ilibaki 14. Rivasi inaingia ukihesabu tatu. Gari haisukumi tena ikiwa kwenye gia na klachi chini. Kokoto zimebaki kidogo sana, ukikanyaga klachi zinakatika kabisa, tofauti na mwanzo.

Gia ya pili haijapona yote. Sinkro iliyoliwa haioti tena. Kama kilomita ya kwanza asubuhi inataka uipeleke polepole, ukiilazimisha inakwaruza. Nilimwambia mzee ukweli, kuibadilisha ni kufungua gia boksi nzima, akasema ataenda nayo hivyo hivyo mpaka itakapokataa. Nimeona ni uamuzi mzuri. Ufundi wa kushusha gia boksi sikumdai, nilimdai oili, masta, raba, hita na kazi ya hivyo.

Nikiangalia nyuma

Kuilaza gari nje na kuamka mapema ndo kulikotusaidia kuliko kifaa chochote. Bila hivyo ningekuwa fundi wa tatu wa kutibu maneno. Na kubadilisha kitu kimoja halafu kusubiri asubuhi nyingine, ingawa mzee alilalamika siku zinaenda, ndo kulitenganisha gia ya pili na rivasi. Ningebadilisha oili na masta siku moja nisingejua kipi kilitibu nini, na huenda ningeamini mpaka leo kwamba 140 inasagisha rivasi.

Kuna swali nilichelewa kuliuliza: kipi kilianza lini. Nilipokuja kumuuliza mzee vizuri, akasema pili ilianza kuwa ngumu wiki ile ile ya kubadilisha oili, mwezi wa tatu, jua likiwaka. Rivasi ilianza baridi ilipoingia. Tarehe mbili, magonjwa mawili. Ningeliuliza hilo swali mlangoni siku ya kwanza ningeokoa mgongo wangu.

Kushusha gia boksi kulikuwa kosa langu, na sababu yake ni kikombe kilichojaa. Nilichukulia kwamba haivuji maana yake inasukuma. Rula na mtu wa kukanyaga pedali ni dakika tano, kushusha ni siku, na mimi nilianza na siku. Sasa hivi kipimo cha rula nakifanya kabla sijashika jeki, asubuhi na mchana, nikiandika namba zote mbili kwa chaki kwenye bampa ili mteja naye azione.

Ile masta ya zamani ninayo, nimeipasua kwa msumeno kwa urefu ili ukuta wa ndani uonekane. Kijana mpya akija gereji namwambia apitishe ukucha.